Jeraha Lako Litaaminiwaje Mahakamani? Ushauri kwa Walioumia Ajalini New York

Swali ni lile lile, liwe limetoka Utica, Buffalo, Rochester au Bronx. Mtu aligongwa na gari, shingo na kiuno vinamuuma hadi leo, usiku halali, na kosa lilikuwa la dereva mwingine bila ubishi. Kisha wakili anamwambia kwamba kesi yake inaweza kufutwa kwa sababu jeraha lake si zito kwa macho ya sheria. Anabaki kushangaa: maumivu haya yote, ni nani aliyeyapima akasema hayatoshi?

Kesi nzima inategemea jibu la swali hilo. Katika jimbo la New York, kulalamika kwamba unaumwa hakukufikishi mbali, hata kama unasema kweli tupu. Kinachohesabika ni jeraha lililopimwa, likaandikwa na likafuatiliwa tangu siku za mwanzo na mtu mwenye ujuzi wa kulipima. Faili la namna hiyo hujengwa katika wiki na miezi ya kwanza, mara nyingi kabla majeruhi hajamwona wakili yeyote, na ndiko wengi wanakopoteza haki yao bila kujua.

Sheria inasema nini hasa

Tangu 1974 New York ina mfumo wa bima unaoitwa No-Fault. Aliyeumia ndani ya gari hulipiwa matibabu na sehemu ya mshahara na bima ya gari hilo hilo alilopanda, hadi dola 50,000, bila kuulizwa nani alikosea. Mpita njia aliyegongwa hulipwa na bima ya gari lililomgonga. Kwa kubadilishana na urahisi huo, sheria ilifunga mlango mmoja: fidia ya maumivu na mateso hudaiwa na mwenye jeraha zito tu.

Kifungu cha 5102(d) cha Sheria ya Bima ya jimbo kinataja aina tisa za jeraha zito:

- kifo;
- kukatika kiungo;
- kovu au uharibifu mkubwa wa sura ya mwili;
- mfupa kuvunjika;
- kupoteza mimba;
- kupoteza moja kwa moja matumizi ya kiungo au ogani;
- kiungo kubaki na upungufu wa kudumu wenye uzito;
- upungufu mkubwa wa utendaji wa sehemu ya mwili, hata kama si wa kudumu;
- jeraha lililothibitishwa kitabibu, lililomzuia mtu kufanya karibu shughuli zake zote za kawaida kwa siku zisizopungua 90 kati ya 180 za kwanza baada ya ajali.

Aliyevunjika mfupa hana haja ya kuhangaika sana na sehemu hii. Picha ya eksirei inamtosha, hata kama ni mfupa wa kidole. Mwenye kovu apige picha safi, zenye tarehe, tangu kidonda kikiwa kibichi hadi kilipopona. Vita kubwa iko kwenye aina tatu za mwisho, hasa kwa majeraha ya shingo, mgongo, bega na goti, ambako eksirei haioneshi kitu na kampuni ya bima husema ni mkazo wa misuli uliokwisha pona.

Mambo mawili yafahamike kabla ya kwenda mbele. Kwanza, hasara ya fedha inayozidi zile dola 50,000 inaweza kudaiwa hata bila jeraha zito. Pili, aliyekuwa juu ya pikipiki yuko nje ya mfumo huu: halipwi na No-Fault, lakini pia habanwi na sharti la jeraha zito anaposhtaki.

Siku ya ajali: hakuna PF3 ya kusubiri

Aliyezoea PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya hudhani kuna fomu ya polisi itakayobeba ushahidi wa jeraha lake. New York hakuna fomu kama hiyo. Polisi huandika ripoti ya ajali, na humo jeraha hupewa alama chache tu. Ushahidi wenyewe uko hospitali.

- Piga 911 na usubiri polisi. Kupatana na dereva kando ya barabara ni kupoteza shahidi wa kwanza.
- Ukiulizwa kama umeumia na huna hakika, sema hujui bado na kwamba utakwenda kupimwa. Wengi hujibu kwamba wako sawa kwa sababu ya mshtuko na haya, na jibu hilo huandikwa.
- Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo au kesho yake. Taja kila sehemu inayouma, siyo ile inayouma zaidi peke yake. Bega lisilotajwa siku ya kwanza na kuanza kutajwa mwezi wa tatu litaambiwa halikuumizwa na ajali hiyo.
- Piga picha za magari, michubuko na uvimbe. Hifadhi majina na simu za mashahidi.

Mbele ya daktari, adabu isimeze ukweli

Hapa pana kosa ambalo limewagharimu Waswahili wengi, kwa hiyo litazamwe kwa karibu.

Mama mmoja anaingia kwa daktari wiki ya sita baada ya ajali. Daktari anauliza anaendeleaje. Naye, kama alivyolelewa, anajibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Hapo ndipo anapoanza kueleza kwamba kuinua ndoo hawezi, kuinama kuosha mtoto hawezi. Lakini daktari ana dakika chache, na mstari wa kwanza kwenye kompyuta umeshaandikwa: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Miaka miwili baadaye wakili wa upande wa pili atausoma mstari huo mbele ya jaji, naye mama hatakuwa na la kusema isipokuwa kwamba ile ilikuwa salamu.

Salamu zibaki mapokezi. Ndani ya chumba cha daktari majeruhi aseme mambo manne, kila anapokwenda:

1. Panapouma, akipaonesha kwa kidole, na kama maumivu yanashuka mkononi au mguuni.
2. Asichoweza kufanya ambacho alikuwa akikifanya kabla ya ajali: kuendesha gari zaidi ya nusu saa, kusimama kwenye mstari kiwandani, kubeba mtoto, kurukuu na kusujudu.
3. Muda aliolala usiku, na kinachomwamsha.
4. Dawa anazotumia, na kama zinasaidia au la.

Na adai mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na hizo ni karibu zote, ina wajibu wa kumpatia mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanywe mkalimani wa mgongo wa baba yake. Hajui majina ya viungo, anaona aibu, na hupunguza maneno. Anayesikia Kinyarwanda, Kibembe au Kirundi vizuri zaidi kuliko Kiswahili aombe lugha hiyo.

Kutia chumvi nako ni hatari. Anayesema hawezi kabisa kugeuza shingo, kisha akaonekana kwenye video ya harusi akicheza, amejiharibia hata yale ya kweli. Kampuni za bima hupekua Facebook, TikTok na YouTube, zikiwemo video za kwaya na za sherehe zilizorushwa na ndugu. Kama mtu alicheza dakika tano akalala kitandani siku mbili, amwambie daktari yote mawili.

Namba ndizo zinazosema

Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya New York, iliyoko Albany na ndiyo ya juu kabisa jimboni, iliamua kesi tatu za namna hii kwa pamoja na kuweka wazi kinachotakiwa: ushahidi usiotegemea kauli ya mgonjwa pekee. Daktari anaweza kutoa kiwango cha upungufu kwa namba. Au anaweza kueleza kwa maneno ni kazi gani ya kiungo imepungua ikilinganishwa na hali ya kawaida, mradi maelezo hayo yasimame juu ya kipimo kinachoonekana.

Kwa vitendo, faili la shingo au mgongo linahitaji haya:

- Picha ya MRI iliyosomwa na mtaalamu wa mionzi.
- Vipimo vya mjongeo kwa nyuzi, vikiwa na kiwango cha kawaida pembeni. Kwa mfano: mgonjwa anageuza shingo nyuzi 45, kawaida ni 80. Kuandika kwamba mjongeo umepungua bila namba wala maelezo ya kipimo ni udhaifu.
- Jina la kifaa au kipimo kilichotumika.
- Kipimo kilichofanyika mapema baada ya ajali, na kingine cha hivi karibuni.

Watu wengi hufurahi MRI inapoonesha diski ya uti wa mgongo imechomoza, wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Mahakama za New York zimesema tena na tena kwamba diski iliyochomoza, peke yake, si jeraha zito. Lazima ioneshwe imemzuia mtu kwa kiasi gani na kwa muda gani.

Na aliyechelewa kupimwa kwa nyuzi asikate tamaa. Mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo ilikataa hoja kwamba bila namba za siku za mwanzo kesi imekufa. Daktari aliyemwona mgonjwa mapema akaandika dalili zake anaweza kuja kupima nyuzi baadaye. Ila lazima awepo aliyemwona mapema.

Usiache matibabu kimyakimya

Hakuna kinachoua kesi hizi kama pengo. Mtu anahudhuria fiziotherapia miezi minne, kisha haonekani tena mpaka siku anapotakiwa kutoa ushahidi. Kampuni ya bima haina haja ya kusema mengi. Inauliza tu: kama alikuwa anaumwa, mbona hakwenda hospitali?

Mwaka 2005 majaji wa Albany walisema kwamba sheria haimlazimishi mtu aendelee na matibabu yasiyomsaidia, lakini anayeacha lazima atoe sababu ya maana. Katika hukumu hiyo hiyo mmoja alishindwa kwa kuwa pengo lake halikuwa na maelezo, na mwingine akashinda kwa sababu daktari wake alieleza kwamba tiba zaidi ingetuliza maumivu tu bila kuponya. Mwaka 2013 majaji walikubali hata maelezo mafupi ya mdai kwamba bima ilimkatia malipo, ingawa walisema ingekuwa vema zaidi kama angeeleza pia kwamba hakuwa na bima ya afya ya kulipia matibabu zaidi.

Kwa hiyo:

- Bima ikikatiza malipo, hifadhi barua yake. Hiyo ni karatasi ya thamani.
- Mwambie daktari sababu ya kuacha, aiandike kwenye faili.
- Kama una Medicaid, uliza kama kliniki inaipokea badala ya kuacha moja kwa moja.
- Fanya mazoezi ya nyumbani uliyopewa, na umwambie daktari kwamba unayafanya.
- Ukisafiri miezi kadhaa kumzika mzazi Bukavu au Kigoma, toa taarifa kabla ya kuondoka.

Dereva wa teksi na zile siku 90

Wapo wanaoitegemea aina ya tisa, ile ya siku 90 kati ya 180, wakidhani inatosha kusema walipumzika. Kesi iliyoweka msingi, ya mwaka 1982, ilimhusu dereva wa teksi. Alirudi kazini siku 24 baada ya ajali, akaendesha saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, kama zamani. Mahakama ilisema hakuzuiwa kufanya karibu shughuli zake zote, na alishindwa.

Huo ndio mtego wa mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto. Analazimika kurudi kazini akiwa anaumwa, na kurudi kwake kunageuzwa ushahidi kwamba hakuumia. Asiache kazi ili kupendezesha kesi. Hilo ni kosa, na wakili anayelishauri aogopwe. Lakini kama daktari amesema asifanye kazi, au asinyanyue uzito fulani, hilo liwe kwenye barua yenye tarehe ya kuanza na ya mwisho. Mwajiri naye aandike siku alizokosa na kazi alizopunguziwa. Kujipumzisha kwa uamuzi wako mwenyewe, bila agizo la daktari, hakuhesabiki.

Anayefanya kazi nusu siku, au aliyehamishiwa kazi nyepesi, aieleze hali hiyo jinsi ilivyo. Anaweza kushindwa kwenye siku 90 na bado akafaulu kwenye aina ya saba au ya nane, ambazo hazimtaki mtu awe amelazwa kitandani.

Majeraha ya zamani yasifichwe

Wengi wa wasomaji wa makala haya wamepita kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali. Wamebeba mizigo, wamepigwa, wameanguka. Wakiulizwa kama waliwahi kuumwa mgongo hukana, wakiogopa kwamba kukiri kutaharibu kesi.

Kukana ndiko kunakoharibu. Daktari wa bima akiona kwenye MRI dalili za uchakavu wa pingili ataandika kwamba tatizo ni la umri au la zamani, na daktari wa majeruhi asiyejua historia hatakuwa na jibu. Katika ile hukumu ya 2005, mdai wa tatu alishindwa kwa sababu hiyo: upande wa pili ulionesha tatizo la zamani, na wake haukulijibu. Daktari anayeijua historia yote anaweza kuandika kwamba mgonjwa alikuwa na uchakavu usiomsumbua, alifanya kazi bila shida, na ajali ndiyo iliyouamsha. Hilo ni dai halali.

Mkimbizi ana hazina ambayo mara nyingi haitumii. Huchunguzwa afya anapowasili Marekani, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kama uchunguzi huo haukutaja shida ya shingo wala mgongo, au ulisema mwili uko sawa, ni ushahidi kutoka kwa daktari asiye na upande. Omba nakala yake.

Ukiitwa na daktari wa kampuni ya bima

Nenda. Asiyekwenda hukatiwa malipo. Fika mapema, andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kwa sababu uchunguzi wa dakika sita huwa unaandikiwa ripoti ya kurasa sita. Omba mkalimani kabla ya siku hiyo. Muulize wakili kama atatuma mtu wa kukusindikiza. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, na ukiambiwa uiname, inama mpaka pale unapoweza, kisha sema panauma wapi.

Tarehe zisizosubiri

- Siku 10: ripoti ya dereva kwa idara ya magari (MV-104), ikiwa mtu aliumia au hasara ilizidi dola 1,000.
- Siku 30: maombi ya No-Fault kwa kampuni ya bima. Aliyechelewa atoe maelezo ya msingi kwa maandishi.
- Saa 24: kuripoti polisi ikiwa aliyekugonga alikimbia.
- Siku 90: taarifa ya madai ikiwa gari lilikuwa la jiji, kaunti au wilaya ya shule. Kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja na siku 90.
- Miaka 2: kesi ya kifo.
- Miaka 3: kesi ya kawaida ya kuumia.

Aliyeumia akiwa kazini aanze na fidia ya wafanyakazi. Hiyo ndiyo inayolipa kwanza.

“Lakini…”

*Dereva ni jirani yangu, tunasali pamoja.* Anayelipa kwa kawaida ni bima yake. Kiwango cha chini kisheria New York ni dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, na wengi wana kiwango hicho tu. Muulize wakili mapema bima ya dereva ni kiasi gani, na kama unaweza kuridhika na kiasi hicho bila kugusa mali ya jirani.

*Sina makaratasi.* Hali ya uhamiaji haimnyimi mtu haki ya kushtaki. Mwaka 2006 mahakama ya Albany iliruhusu hata madai ya mshahara uliopotea kwa wafanyakazi wasio na kibali. Mwambie wakili hali yako siku ya kwanza, hasa kama uliwahi kumpa mwajiri hati zisizo zako.

*Kuna mtu amenipigia, anajua kliniki na wakili.* Kata simu. Wakili hapaswi kumlipa mtu amletee wateja, na kliniki inayoandikia kila abiria maneno yale yale humharibia hata aliyeumia kweli. Wakili wa kesi hizi hulipwa kwa kawaida theluthi ya kinachopatikana, na hapokei ada mkononi mwanzoni. Usitie saini mkataba ambao hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Kabla jaji hajasoma faili

Kesi nyingi za shingo na mgongo hazifiki kwenye baraza la wazee wa mahakama (jury). Upande wa pili huomba zifutwe mapema kwa karatasi, ukiambatanisha ripoti za madaktari wake. Wakati huo majeruhi ana haki ya kumkalisha wakili wake chini na kumuuliza haya:

1. Je, ripoti za madaktari wangu zimethibitishwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo? Karatasi za kliniki zisizo na uthibitisho huo huenda zisisomwe kabisa.
2. Je, daktari amenipima tena hivi karibuni, na ametaja nyuzi na kawaida yake?
3. Je, amesema wazi kwamba ajali ndiyo iliyosababisha, na kwa nini anaamini hivyo?
4. Je, amejibu hoja ya uchakavu, namba kwa namba, kama daktari wa bima alivyoitoa?
5. Je, pengo la matibabu limeelezwa, na barua ya bima imeambatanishwa?
6. Je, maelezo yangu mwenyewe yametafsiriwa na mtu aliyeapa kwamba tafsiri yake ni sahihi?

Likikosekana hata moja kati ya hayo, wakili aombe muda kwa maandishi kabla ya tarehe ya kujibu kupita, na daktari apigiwe simu siku hiyo hiyo.